Mikunjo Saba

Jumapili, Kutaisi. Theluji imelala juu ya bomba la gesi
kama paka asiye na mwenyewe.
Jikoni unga umefika hadi kwenye nyusi za Tekle,
miaka mitano na miezi miwili,
amepiga magoti kitini, ulimi nje,
anakunja hinkali.

Anayejua hufikisha mikunjo kumi na tisa,
kisha husokota juu kifundo kidogo,
nyama na mchuzi vikafungwa ndani, tone lisitoke.
Shangazi Tsiala hukunja huku akigombana na redio.
Vidole vyake havimhitaji.

Tekle alifika mkunjo wa nne. Ukachanika.
Akaziba kwa kidole; kidole kikatokea upande wa pili.
Akaanza upya. Wa tatu. Ukachanika.
Akaanza upya, na nikaona kidevu
kikitetemeka kivyake,
kama kifuniko cha sufuria maji yakikaribia kuchemka.

Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka.
Ewe mkono, una kiherehere gani!
Ungemaliza kazi kwa sekunde ishirini,
ungemwachia mtoto hinkali nzuri
isiyo yake.
Nikauzamisha mfukoni. Huko ukakuta funguo,
ukazibana.

"Siwezi! Mikono yangu mibaya!"
Donge likaruka, likagonga jokofu,
likateleza taratibu juu ya picha ya Mzia,
mama yake, aliyeko Bari
akimwogesha bibi kizee wa watu.
Saa mbili usiku angepiga simu,
na Tekle alikuwa amemwahidi.

Shangazi akafungua kinywa. Nilijua kilichomo,
nililishwa hicho hicho utotoni:
mtoto mkubwa halii, tazama wenzako.
Nikamkazia macho.
Akaongeza sauti ya redio.

Tekle akaingia chini ya meza.
Nikamfuata. Mtu wa kilo tisini na tano
chini ya meza si jambo dogo.
Kulikuwa na giza, makombo,
na soksi tuliyoitafuta tangu Oktoba.
Sikusema kitu. Alilia kilio kirefu chenye kwikwi,
nami nikakingoja kama treni ya mizigo:
behewa, behewa, behewa.
Huisukumi. Huirudishi.
Unasimama kando hadi reli inyamaze.

Kisha nikachukua unga, nikakunja,
nikauchana.
"Kumbe hata mimi," nikasema.
Macho mekundu yakanigeukia.
"Baba, usinidanganye. Umefanya makusudi."
Nikaona haya. Mtoto si mjinga,
ni mfupi tu.

Basi nikamwambia la kweli:
kwamba tangu mama yake aondoke,
kabla ya kumsuka asubuhi hujifungia bafuni
nikajifunza kwenye nyuzi za deki,
na siku moja nilikirusha kitana dirishani.
"Ndiyo maana tuna kitana kipya?"
"Ndiyo maana."
Akacheka, kamasi na machozi pamoja.
"Halafu ukafanyaje?"
"Nikashuka kukitafuta kwenye theluji.
Sikukiona. Nikapanda ngazi, nikakusuka kwa vidole."
Akajipapasa kisogoni.
"Ile siku nilifanana na kondoo."
"Ile ile."

Akavuta pumzi, ikakatika mara tatu njiani.
"Nipe unga. Usinishike mkono."
Sikumshika. Wa tatu. Wa nne,
pale kwenye wa nne sote wawili tuliacha kupumua.
Wa tano ulikuwa mnene kama sikio.
Wa sita. Wa saba, akasokota,
akaangalia, akasokota tena, kwa ushari.

Sufuriani ikapasuka.

Nilimtazama. Naye alilitazama povu,
nyama ikizunguka huku na unga kule,
mafuta yakitanda majini vijiduara vijiduara.
Kidevu kikaanza, kikasita.
"Mchuzi umetoka," akasema,
"lakini sufuria haijavuja."

Saa mbili simu ikaita.
Akaielekeza kamera kwenye bakuli.
"Hiyo ni supu, mpenzi?" Mzia akauliza.
"Ni hinkali," Tekle akasema, "imefunguka,"
akanywa yote, tukimtazama,
bila kuniachia hata kijiko.